Picha za injini: dalili, chanzo na tiba

Chukua picha ya injini usiyoridhika nayo, uikuze kwenye kioo mpaka uone nati na bolti. Usianze na mipangilio ya kamera. Anza na picha yenyewe, kwa sababu kila kosa huacha alama yake, na alama hiyo ndiyo itakayokuelekeza pa kurekebisha.

Kipimo changu ni kimoja, iwe ni pampu ya mvuke, dizeli ya mashine ya kusaga au gari la zimamoto. Mpe picha fundi aliyezoea mashine za namna hiyo. Akiweza kufuata kwa kidole njia ya mvuke, mafuta au maji, kutoka inakoingia nguvu hadi inakotokea, picha imefaulu hata kama haina urembo. Akikwama na kuuliza, “Hapa kati kuna nini?”, basi kuna sehemu umeipoteza, na kazi ya mwongozo huu ni kukusaidia kujua umeipotezaje.

Nyeusi imetoka kijivu, au mashine nzima imekuwa giza

Dalili hizi mbili zinapingana, lakini chanzo ni kimoja. Kipimo cha mwanga kilicho ndani ya kamera hakijui kama kinatazama makaa au unga. Hukisia kwamba vyote vilivyo mbele yake, vikichanganywa, ni kijivu cha wastani, kisha hupanga mwanga ili vitoke hivyo. Ukijaza fremu kwa boila nyeusi, kamera huongeza mwanga mpaka weusi unapauka na rangi za pembeni zinaungua. Ukisimama mbali, anga jeupe likachukua nusu ya picha, kamera hupunguza mwanga, na magurudumu yanazama gizani.

Mahali pazuri pa kujifunzia jambo hili ni Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, kwa sababu vichwa vya treni vimesimama nje, juani. Kichwa nambari 5918, Mount Gelai, kilipewa jina la mlima ulio karibu na Ziwa Natron kaskazini mwa Tanzania. Mwili wake umepakwa rangi ya damu ya mzee, na huku chini kwenye magurudumu na fito za chuma ni weusi mtupu. Ukipiga saa sita mchana, jua likiwa utosini, paa la boila litang'aa na mitambo yote ya chini itakuwa ndani ya kivuli cha boila hilo hilo. Hakuna mpangilio wa kamera utakaokuokoa hapo.

Kama weusi ndio uliojaza fremu, tumia kitufe chenye alama ya +/−, cha kuongeza au kupunguza mwanga, na ushuke kati ya −0.7 na −1.3. Kwenye simu, gusa sehemu nyeusi kisha vuta kijijua kuelekea chini. Kama anga ndilo lenye kosa, usikimbilie kuongeza mwanga. Liondoe kwanza: sogea karibu, inua mkono ili kamera itazame kutoka juu kidogo, au zunguka hadi nyuma ya mashine pawe na ukuta au miti. Hilo likishindikana ndipo upande hadi +1, ukikubali kwamba anga litaungua.

Tiba bora kuliko zote ni hali ya hewa. Julai na Agosti Nairobi hufunikwa na mawingu kwa siku nyingi, na mwanga wa mawingu huingia hadi chini ya mashine. Watalii huzikwepa siku hizo. Mpiga picha wa injini azitafute. Siku ya jua kali, nenda mapema asubuhi au subiri baada ya saa tisa na nusu alasiri, jua linapoanza kuingia kwa ubavuni. Pia tandika shuka jeupe ardhini mbele ya magurudumu, nje ya fremu. Mwanga utakaorudishwa na shuka ni mdogo, lakini unatosha kuonyesha ufito wa pistoni uliokuwa umepotea.

Pua kubwa, mkia umepotea

Mount Gelai ni mmojawapo wa ndugu 34 waliojengwa na Beyer Peacock mjini Manchester kati ya 1955 na 1956, vichwa vya mvuke vyenye nguvu kuliko vyote vilivyowahi kutembea kwenye reli ya upana wa mita moja. Uzito wake ni takriban tani 252, na urefu wake unakaribia mita 32. Ukisimama hatua chache kutoka puani na simu yenye lenzi pana, utapata tangi kubwa la mbele na kitu kidogo kinachochungulia kwa nyuma. Wengi huilaumu lenzi. Chanzo halisi ni umbali: kilicho karibu nawe mara nne huonekana kikubwa mara nne.

Rudi nyuma kadiri uwanja unavyoruhusu, kisha ukuze kwa zumu. Kama hakuna nafasi, achana na wazo la kuikamata nzima kwa picha moja. Kichwa cha aina hii kina seti mbili za magurudumu ya kuvuta, moja mbele na moja nyuma, na boila limening'inizwa katikati juu ya egemeo mbili. Piga egemeo. Piga bomba la mvuke linapovuka kutoka boila kwenda kwenye silinda kupitia kiungo kinachoweza kujipinda kwenye kona. Ukiwa na picha tatu au nne za namna hiyo, fundi ataelewa mashine hii kuliko angepewa picha moja ya urefu mzima.

Kwa injini ndefu za kusimama kosa hilo hilo huja kwa sura nyingine: nguzo zinaegemea ndani na juu panakuwa pembamba. Wasomaji mlioko London mtaiona dalili hii Kempton Park, kwenye pampu za mvuke zilizozinduliwa mwaka 1929 kusukuma maji ya jiji, ambazo kila moja ina kimo cha takriban mita 19. Ukiinua kamera kutazama juu, nguzo zitainama. Weka kamera wima kabisa na upande ngazi hadi usawa wa katikati ya mashine, kama wenyeji wanaruhusu siku hiyo. Kunyoosha baadaye kwa programu kunawezekana, ila utapoteza kingo za picha, kwa hiyo acha nafasi pembeni.

Gurudumu limegeuka ukungu, au limesimama kana kwamba mashine imezimwa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo picha nyingi za injini zinapoharibikia, na hesabu yake ni rahisi kuliko watu wanavyodhani.

Kwanza tenganisha mambo mawili. Kuza picha utazame nati iliyofungwa kwenye msingi wa zege. Kama nati iko wazi na gurudumu tu ndilo lenye ukungu, huo ni mwendo wa gurudumu. Kama nati nayo imevutika, tatizo ni mkono wako au sakafu inayotetemeka, na kubadilisha chochote kuhusu gurudumu hakutasaidia.

Tuseme ni gurudumu. Chukua injini ya dizeli ya Lister ya silinda moja, nguvu za farasi 6, ile ya mwendo wa polepole iliyosaga mahindi kwenye vijiji vingi vya Afrika Mashariki. Huzunguka mara 650 kwa dakika, karibu mara 11 kwa sekunde. Katika kasi ya shata ya 1/30, yaani kamera ikikaa wazi kwa sehemu moja ya thelathini ya sekunde, flaiwili (gurudumu zito la injini) imegeuka nyuzi 130, zaidi ya theluthi moja ya mzunguko, na spoku zote zimepotea. Kwa 1/125 imegeuka nyuzi 31. Kwa 1/1000 ni nyuzi 4, na hapo unaweza kufikiri umemaliza, lakini flaiwili yenye kipenyo cha sentimita 60 ukingo wake bado umesogea sentimita 2, inayotosha kufuta maandishi yaliyochorwa pale. Ili ukingo usogee nusu sentimita tu unahitaji 1/4000, na ndani ya kibanda cha mashine hakuna mwanga wa kutosha kasi hiyo bila flashi.

Ila sishauri kuligandisha. Flaiwili iliyoganda hufanana na mashine mbovu iliyosubiri vipuri mwaka mzima. Kama ina spoku sita, kila moja iko nyuzi 60 kutoka mwenzake. Ukitumia 1/60, kila spoku inafuta nyuzi 65, inamfikia jirani, na unabaki na sahani tupu isiyo na umbo. Ukitumia 1/125, spoku inafuta nusu ya nafasi tu: jicho linaona spoku, linaona na mwendo wake. Hiyo ndiyo kasi ninayoitumia kwa Lister, kamera ikiwa juu ya stendi ya miguu mitatu. Stendi yenyewe isimame mbali na zege la injini. Kwa mashine nyingine fanya hesabu hiyo hiyo: zidisha mizunguko ya dakika kwa 6 upate nyuzi kwa sekunde, kisha tafuta kasi itakayokupa takriban nusu ya nafasi kati ya spoku na spoku.

Kama spoku zimepinda kama mundu wakati kwa macho zimenyooka, gurudumu ni zima. Kamera ya simu husoma picha mstari kwa mstari, na kati ya mstari wa kwanza na wa mwisho gurudumu limeshasogea. Kuongeza mwanga au kasi ya shata hakuondoi mpindo huo. Kwenye kamera kubwa, zima shata ya kielektroniki utumie ya kimakanika. Kwenye simu, subiri mashine inapozimwa: flaiwili nzito huendelea kuzunguka kwa muda huku ikipungua mwendo, na mpindo hupungua nao.

Video ina kituko chake. Lister yetu yenye spoku sita, ikirekodiwa kwa fremu 30 kwa sekunde, itaonekana inajivuta polepole kwenda mbele. Ukibadilisha kuwa fremu 25, itaonekana inarudi nyuma. Katika kila fremu spoku mpya inakaribia nafasi ya ile iliyopita, na jicho linadhani ni ile ile. Badilisha idadi ya fremu, au punguza kasi ya shata ya video hadi 1/50 ili spoku ziungane na kuficha udanganyifu huo.

Kabla hujasogea karibu: vua kamba ya kamera shingoni, funga mikono ya shati, na kama umevaa kanga au kitenge kibane vizuri. Mkanda unaotoka kwenye flaiwili kwenda kwenye kinu hauna kifuniko sehemu nyingi, na ukikamata kitambaa hauachii. Mwulize fundi asimame wapi mgeni, na usimame hapo hapo.

Chumba cha injini: picha hafifu, yenye rangi ya ajabu

Kwenye meli na vituo vya pampu matatizo huja kwa mkupuo, kwa hiyo yatenge moja moja.

Ukungu mweupe picha nzima, tangu ya kwanza. Umetoka kwenye gari au chumba chenye kiyoyozi ukaingia kwenye joto na unyevu, na mvuke umeganda kwenye lenzi iliyopoa. Dar es Salaam na Mombasa hili ni la kila siku. Kufuta hakusaidii, unarudi baada ya sekunde chache. Fungia kamera ndani ya mfuko wa plastiki ungali kwenye baridi, ushuke nayo hivyo, uisubiri kama nusu saa ipate joto la chumba.

Ukungu unaokuja taratibu na kufanya taa zitoe miale. Hayo ni mafuta. Hewa ya chumba cha dizeli ina chembe za mafuta zinazotua kwenye lenzi. Beba kitambaa laini cha lenzi, na pulizia vumbi kwanza kabla ya kufuta.

Sehemu moja iko wazi, nyingine imeyumba, na picha inayofuata imeyumba tofauti. Ni joto linalopanda kutoka kwenye bomba la moshi. Usipige picha kupitia juu ya injini iliyowaka. Zunguka upande ambao hewa ya moto haikatizi kati yako na unachokilenga, au sogea karibu zaidi.

Kila kitu kimetikisika kidogo, upande mmoja. Sitaha inatetemeka na wewe umeegemea reli. Achana na reli, kunja magoti kidogo, acha mwili umeze mtetemo. Hapa stendi ni adui, kwa sababu inapeleka mtetemo moja kwa moja kwenye kamera. Panda hadi 1/250 na uache ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ifike 3200. Chenga zitakazotokea kwenye picha zinaweza kupunguzwa baadaye. Picha iliyotikisika haina dawa.

Michirizi ya giza iliyolala sambamba. Taa za umeme wa 50 Hz, kama wetu wa Afrika Mashariki, huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Tumia 1/50 au 1/100. Meli nyingi zina jenereta za 60 Hz, sawa na umeme wa Marekani, kwa hiyo kama michirizi haikuondoka jaribu 1/60 au 1/120.

Rangi ya kijani upande mmoja, ya bluu upande mwingine. Taa za mirija zinagombana na mwanga wa mchana unaoingia kwa tundu la juu. Omba upande mmoja ufungwe, taa au tundu, halafu pima weupe kwa karatasi nyeupe iliyowekwa juu ya injini yenyewe. Hapo mwombe mhandisi kwa adabu. Yeye ndiye mwenye nyumba.

Doa jeupe la mng'ao juu ya rangi na chuma

Wauzaji watakuambia ununue filta ya polaraiza. Inafanya kazi kwenye rangi ya mafuta, vioo, maji na grisi, na hufanya vizuri zaidi ukitazama uso wa kitu kwa mshazari, kama nyuzi 35 kutoka kwenye uso huo. Lakini kwenye chuma kitupu, shaba iliyosuguliwa au kromu, haitasaidia, kwa kuwa mng'ao wa metali tupu hauna ule mpangilio wa mawimbi ya mwanga ambao filta huukata. Utaizungusha bila mafanikio huku ikikunyang'anya nusu ya mwanga au zaidi.

Chuma kinachong'aa huonyesha kilicho mbele yake, kwa hiyo badilisha kilicho mbele yake. Shuka jeupe likishikwa pembeni hugeuza doa kali kuwa mng'ao mpana na mpole unaoonyesha umbo la bomba. Na vaa nguo iliyotulia. Ukija na fulana nyekundu, utaikuta kwenye kila valvu ya shaba.

Gari la zimamoto: wekundu uliokufa na taa zisizowaka

Wekundu mkali hujaza chaneli moja ya rangi wakati nyingine mbili bado zina nafasi. Grafu ya jumla ya mwanga itakuonyesha kila kitu ni salama, ilhali ubavu wa gari umegeuka bapa jekundu lisilo na mikunjo wala milango. Fungua grafu inayotenganisha rangi, punguza mwanga kwa 0.7, na uondoe mtindo wa rangi kali ambao kamera na simu nyingi huja nao.

Taa za juu kuonekana zimezimwa: za LED huwaka na kuzima kwa vipindi, na umebonyeza katika kipindi cha giza. Piga mfululizo wa picha, au weka kamera kwenye stendi na utumie 1/15. Mkanda wa bluu au mwekundu ukikata nusu ya picha ya simu, ni usomaji wa mstari kwa mstari tulioueleza kwenye flaiwili.

Stika za kuakisi mwanga zikiwaka nyeupe na gari lote likawa giza, umetumia flashi. Stika hizo hurudisha mwanga pale pale ulikotoka, na flashi ya simu iko karibu kabisa na lenzi. Izime. Hakikisha pia hakuna gari lililowasha taa nyuma yako.

Pampu yenyewe, yenye geji na midomo ya kufungia mipira, mara nyingi iko nyuma ya mlango wa kukunja. Mwombe afande aufungue wakati gari liko kituoni na si siku ya kazi nzito, na uombe ruhusa ya kupiga picha kabla ya kuingia uani. Gari likiitwa kwenye moto, ondoka njiani mara moja na uache picha.

Mvuke hauonekani

Mvuke halisi hauna rangi. Kinachoonekana cheupe ni matone madogo yaliyoganda hewani, ndiyo maana karibu kabisa na mdomo wa valvu pana nafasi tupu. Kwenye hewa ya moto na kavu matone hukauka upesi, na wingu linakuwa dogo. Asubuhi yenye baridi huwa kubwa. Jua likiwa nyuma yako, wingu huchanganyika na anga. Likiwa mbele yako, upande wa pili wa mvuke, kingo zake huwaka. Weka kitu cheusi nyuma ya wingu, kisha shusha mwanga hadi uone mikunjo ndani yake.

Picha ni safi, lakini hakuna anayejua ni injini ipi

Kosa hili haliponi baadaye, kwa hiyo lizuie kabla. Picha ya kwanza iwe ya bamba la mtengenezaji: jina, namba, mwaka. Herufi zikiwa zimefutika au zimezibwa na rangi, usikwangue. Washa tochi ya simu ya pili ubavuni, mwanga uteleze juu ya bamba, na vivuli vitaziinua herufi.

Usidhani kwamba umri wa mwili ndio umri wa injini. MV Liemba ya Ziwa Tanganyika ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927. Watu huandika chini ya picha zake kwamba ni meli ya mvuke, lakini mitambo ya mvuke iliondolewa miaka ya 1970 na nafasi yake ikachukuliwa na dizeli. Bamba la mjenzi wa meli na bamba la mtengenezaji wa injini hukaa sehemu tofauti. Piga yote mawili, na uandike mahali na tarehe kabla hujaondoka bandarini.